Karibu na Watu Wako Wote

Kevina alijifungia kabatini kwa unyenyekevu wa mtawa anayeanza mfungo. Shule ya bweni kule Kenya ilikuwa imemfundisha sala, nidhamu, na namna ya kuwatisha wakubwa bila kukamatwa. Leo ilikuwa zamu ya maprofesa wa Stockholm.

Kila Novemba Chuo cha Grankvist kilimwandalia chakula mwanzilishi wake, aliyekufa zamani. Kiti chake kiliachwa wazi, sahani ikajazwa, na mtafiti mpya akamkaribisha mezani kwa lugha ya kwao huyo mtafiti, kisha akanywa kwa heshima yake. Mwaka huu wa 1984 mtafiti huyo alikuwa Ssemakula, kaka yake Kevina. Kutoka kabatini, nyuma ya kile kiti, Kevina alikusudia kumjibu kwa kugonga mbao, kwa niaba ya marehemu.

Asubuhi, kwenye treni kutoka Husby, mtaa walikokaa, alikuwa amemchokoza.

"Kaka, si huyu ndiye aliyepeleka chuma Afrika, akakibadilisha kwa watu, akawauza visiwa vya Karibi?"

"Ndiye."

"Na wewe unakwenda kumwambia karibu wali?"

"Viazi," alisema Ssemakula. "Nisipokunywa, nafasi anapewa mwingine, na kibali chetu cha kukaa hapa kinakwenda nayo. Kwa hiyo leo tulia, mama fujo."

Sasa alimsikia akisimama. Vijiko vikanyamaza. Kwa woga, adabu ya nyumbani ikamtoka Ssemakula yenyewe, maana kwao mgeni haalikwi peke yake:

"Mzee Grankvist, karibu mezani. Karibu na watu wako wote."

Kevina aliinua ngumi. Kabla hajagusa mbao, kabati likagongwa kutoka nje. Kisha sakafu. Kisha kuta zote, taratibu, kama watu waliopigwa hadi wakaogopa kubisha hodi. Baridi yenye harufu ya chumvi na kutu ikapenya. Kitu kikaketi kando yake gizani, kikapumua, kikajisogeza kumpa nafasi.

Ujanja wote wa bweni ukamwishia. Alisukuma mlango, akaangukia miguuni mwa mkuu wa chuo. Hakuna aliyemtazama. Ndimi za mishumaa zilikuwa zimelala upande mmoja, kana kwamba umati ulikuwa ukipita. Kiti cha Grankvist tu ndicho kilichobaki kitupu. Mwenyewe hakuja; waliokuja ni wale aliowauza.

"Kunywa, bwana Ssemakula," mkuu wa chuo alinong'ona. "Kunywa, tumalize."

"Kibali, Kaka," alisema Kevina, kwa sauti ambayo masista wa bweni wasingeitambua.

"Nimewaita mwenyewe, Kevina. Nitakunywaje na wao wamesimama?"

Akainamisha kikombe, akamimina divai yote sakafuni.

"Unajua maana yake?" aliuliza mkuu wa chuo.

"Najua."

Kevina akasimama. Akachukua sahani ya Grankvist, akaiweka sakafuni, penye divai. Halafu akaanza kuzunguka meza, akichukua za maprofesa moja baada ya nyingine, na hakuna profesa aliyeshikilia yake.