Pombe ya Kuniondolea Aibu

Mume wangu Bonaventure alipoanza kupungua mwili, watu wa mji wetu wa Baraka walinichukia mimi. Hakuna aliyemwuliza yeye. Walimtazama shingo, kisha wakanigeuzia macho, kana kwamba mimi ndiye niliyemla.

Alikuwa fundi cherehani, tena hodari. Miaka ile ya hamsini makarani wa Baraka na wa Fizi walivaa kaptula zake, na kila aliyekuja kuchukua nguo alileta kibuyu cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kama shukrani. Bonaventure hakumrudisha mtu na kibuyu chake. Kitambi kikakua hadi kikagusa meza ya cherehani. Miguu ikamvimba, na akilala alikoroma hadi nikaogopa pumzi itakatika. Mwuguzi wa dispensari akamwambia wazi apunguze pombe, kikombe kimoja tu Jumapili baada ya misa, la sivyo moyo utamsimama kama ulivyomsimama baba yake. Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu.

Kazi ya kupunguza ikawa yangu. Mimi ndiye niliyepokea vibuyu mlangoni na kuwagawia majirani. Mimi ndiye niliyevumilia kununa kwake. Na alipungua kweli. Siku moja alipeleka nguo za watu Fizi, akapanda mlima wote bila kukaa njiani, akarudi anacheka. Suruali zake akazipunguza kiuno yeye mwenyewe. Nilifurahi, sifichi. Nilijiona nimepata mume upya, mume nitakayezeeka naye.

Ndipo wifi yangu Anastasie alipokuja kutoka Mboko. Alimtazama kaka yake pale kwenye cherehani, hata mzigo hajatua.

"Muke wetu," akaniambia, "tulikupatia muntu munene. We unaturudishia mifupa."

"Dada, anakula vizuri. Ni munganga wa dispensari alimukataza pombe."

"Pombe inakondeshaka nani? Baba yetu alikunywaka kila siku, na alikufa munene."

Nikamngoja asikie alichokisema. Hakusikia. Baba yao alianguka shambani ndevu hazijaota mvi, na huyu anamtaja kama mfano wa afya. Nikamgeukia Bonaventure aseme neno moja tu. Yeye akainamisha kichwa, akatia uzi kwenye sindano.

"Hayo ni mambo ya bamama," akasema.

Anastasie alipotoka nilimwuliza mume wangu kwa nini ameniacha peke yangu. Akajibu kwamba wateja wakisikia fundi ni mgonjwa watamkimbia. Nikameza hilo. Niliona ni aibu ya mwanamume, nikamhurumia hata.

Wifi hakuliachia jambo hapo. Akazunguka kwa ndugu zake wote, na mwisho wakatuita kikao. Kwa desturi ya ukoo wao, mke aliyemkondesha mume hulipa mbuzi na mtungi wa pombe, kisha hupiga magoti na kumnywesha mumewe mbele ya pande zote mbili. Mume akinywa, aibu imeisha. Akikataa, mke anarudi kwao. Basi nikawa natozwa pombe kwa kosa la kumpunguzia mtu pombe. Nilicheka niliposikia, maana sikuwa na la kufanya. Baba yangu, mzee Isidore, alitoka Kazimia na mbuzi wake, uso ameukunja, haniulizi kitu. Pombe nikaipika mwenyewe. Niliponda ndizi kwa hasira hadi mikono ikaniuma.

Siku ya kikao uani palijaa. Kabla ya kupiga magoti nilisema kwa sauti, wote wasikie:

"Bonaventure, waambie maneno ya munganga. Ukisema, hii mambo inaisha."

Wote wakamgeukia. Hata Anastasie akamtazama kaka yake. Neno moja lingetosha.

Bonaventure alikohoa. "Turudilie nini maneno ya zamani?" akasema. "Bazee banangoya."

Nikapiga magoti, nikajaza kikombe, nikampa kwa mikono miwili. Na hapo nilimwona uso. Nilitazamia huzuni, au woga, au hata haya kidogo. Alikuwa na furaha. Alikuwa anajizuia kutabasamu, kama mtoto aliyeona nyama imeletwa. Nilielewa yote mara moja, kwa nini aliinamia sindano, kwa nini alimwacha dada yake anitangaze kutoka Mboko hadi Fizi. Alijua tangu mwanzo kikao kitaishia wapi. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia wifi yangu. Yeye sikuwa nimejiandaa kumchukia.

Alikunywa hadi tone la mwisho. Wanawake wakapiga vigelegele. Anastasie akalia, akanikumbatia akiniita dada, nami sikusukuma mikono yake. Baba akashusha pumzi, uso ukamkunjuka. Aibu yangu ilikuwa imeisha.

Bonaventure akaninyooshea kikombe tena.

"Ongeza, mama," akasema kwa upole, mbele ya watu wote. "Mi nakunywa juu ya kukuokoa we."

Baba yangu akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaniambia nimshukuru mume wangu. Nikamshukuru, nikajaza.