Mashemeji Wanane

Asubuhi ile kompyuta ya Mama Kijogoo ilijiwasha, ikaonyesha nembo, ikageuka buluu tupu, ikazima. Ikajiwasha tena. Buluu. Ikazima. Mwenyewe alikaa mbele yake na kikombe cha chai, akaiangalia ikifanya vituko hivyo mara kumi na moja. Mtu mwingine angepiga yowe, mtaa mzima ukajaa mlangoni. Yeye alimaliza chai, akaosha kikombe, akaitia mashine kwenye mkoba na kutoka. Ndivyo alivyokuwa siku hizi, kama mtu aliyetoka kwa daktari wa meno na ganzi haijaisha: unajua mdomo ni wako, lakini huusikii.

Na mle ndani, jamani, ndimo alimokuwa mwanawe.

Kijogoo walimpa jina hilo kwa sababu aliamka kabla ya watu wote na kuwaamsha kwa kelele. Mtoto wa kike, jogoo wa nini? Lakini jina lilimganda. Homa ilimchukua kwa siku tatu, akiwa na miaka mitano, na sasa ulikuwa umepita mwaka na miezi miwili. Zamani, kila simu ilipojaa, mama yake alizihamishia video kwenye kompyuta akazifuta kwenye simu apate nafasi. Kwa hiyo zote zilikuwa humo, kwenye folda moja pembeni mwa skrini, na kwingine popote hazikuwepo. Tangu mazishi hakuwahi kuifungua. Alichapa mihtasari ya vikao vya watu kutwa nzima, folda ikiwa pale pale, na ilimtosha kujua kwamba ipo.

Fundi wa kompyuta alikuwa na chumba kimoja ubavuni mwa duka la dawa. Alimkuta anatafuta miwani, na miwani iko kwenye paji la uso.

"Ipo hapo juu," Mama Kijogoo alimwambia.

"Ahaa! Asante, dada. Hebu tuone." Aliiwasha, akaona buluu, akacheka kwa pua. "Wewe wa nne tangu nifungue. Jana imekuletea sasisho, ukabonyeza kukubali, si ndiyo?"

"Nilibonyeza."

"Kila mtu kabonyeza. Wenyewe huko wametuma kitu kibovu, sisi huku tunakimbizana. Kuna faili moja tu inaikaba roho. Nikiitoa inapumua. Dakika kumi."

Dakika kumi za mafundi unazijua. Ilipofika saa nne na nusu alikuwa bado ameinama, na skrini sasa inadai ufunguo: tarakimu arobaini na nane, sita sita, mafungu manane. Bila hizo hakuingiliki.

"Nani aliifunga hivi?"

"Baba Kijogoo. Iliwahi kuibwa moja, akaogopa."

"Basi mpigie."

"Hatuko pamoja."

Fundi alikohoa kidogo. Akajaribu kupitia barua pepe iliyosajiliwa. Ilikuwa ya kazini kwa mwanamume, kazi aliyokwisha kuiacha, nayo haikufunguka. Akaegemea kiti.

"Basi tuifute yote, dada. Inakuwa mpya kabisa, kama umeitoa dukani leo."

"Sawa," alisema Mama Kijogoo.

Sawa! Mtu anaambiwa mwanawe anafutwa, anajibu sawa. Usimlaumu haraka. Mwaka mzima alikuwa akiambiwa mambo, na jibu lake lilikuwa hilo hilo. Kaza moyo, sawa. Utapata mwingine, sawa. Mumewe alipofunga begi akasema nyumba imekuwa kimya mno, hawezi tena, anaenda kukaa kwa dada yake, alimjibu sawa, akamshikia mlango apitishe begi. Neno lilikuwa mdomoni na lilitoka lenyewe.

Fundi alishachomeka kifaa chake. Kidole kilikuwa juu ya kitufe alipouliza, kwa mazoea tu, swali analowauliza wateja wote.

"Hamna kitu cha maana humu, eh?"

"Kuna mtoto."

"Mtoto gani?"

"Wangu. Alikufa. Yumo humo."

Fundi akakitoa kidole taratibu, akachomoa kifaa, akakiweka mbali kabisa, juu ya kabati. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Sauti yake ilipotoka haikuwa na mzaha.

"Mama, kaa chini. Fikiri. Huyo baba, alikuwa mtu wa kuandika vitu wapi?"

Mama Kijogoo akafikiri, na kufikiri kwenyewe kulikuwa kazi nzito. Baba Kijogoo hakuamini daftari. Vitu vyake vya siri alivificha kwenye simu, kama namba za watu. Namba ya siri ya benki aliiandika kwa jina la Fundi Bomba. Na siku ile alipoifunga kompyuta, alichukua simu ya mkewe akabonyezabonyeza, akasema: "Nimekuwekea mashemeji wanane. Mwizi akiiba simu, awapigie mpaka achoke." Walicheka sana, maana mwanamume mwenyewe alikuwa na kaka mmoja tu.

"Nilikuwa nazo," alisema. "Nimezifuta."

Wiki mbili baada ya begi kutoka, alikaa kitandani akafuta ukoo mzima wa mume: wifi, mama mkwe, kaka mtu. Alipofika kwa mashemeji alifuta wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka wa nane, bila kujiuliza mashemeji wote hao kawatoa wapi. Ganzi hiyo hiyo. Sasa aliiona ilikomfikisha, na kwa mara ya kwanza siku ile aliogopa. Akashika ukingo wa meza.

Namba ya mwanamume aliifuta pia, lakini aliijua kwa kichwa. Akaipiga. Ikaita mara nne.

"Mama Kijogoo?"

Watu walikuwa wameanza kulikwepa jina hilo. Huyu alilitamka lote.

"Kompyuta imekufa," alimwambia. "Inataka zile tarakimu. Mashemeji. Mimi nimewafuta."

Miezi minane hawajasemezana, na salamu zenyewe ndizo hizo. Alisikia mlango ukifungwa upande wa pili, na kelele za kazini kwa mwanamume zikapungua.

"Ninao," alisema. "Una kalamu?"

"Fundi yupo. Wewe soma."

Akaanza kusoma polepole, kama enzi zile mke akiwa gizani kwenye mita naye akimsomea tarakimu za umeme. "Shemeji wa kwanza. Nne, moja, saba, sifuri, tatu, tatu." Mama Kijogoo akarudia, fundi akabonyeza. Wa pili. Wa tatu. Wa nne walikosea, fundi akaomba radhi, wakarudia. Wa tano alianza akaishia njiani, na mama hakumharakisha. Alisubiri. Alisikia mtu anavuta pumzi, kisha sauti ikaendelea, tano, tisa, sita, moja moja mpaka mwisho. Mpaka wa nane.

Mashine ikakubali. Fundi akaingia kwenye skrini nyeusi, akaandika maandishi yake, akaipata faili yenyewe, akaifuta. "Toka, shetani," alinong'ona. Akaiwasha upya.

Nembo ikaja. Kiduara kikazunguka. Kikazunguka tena. Mama Kijogoo alijikuta anahesabu, na simu sikioni haikukatwa. Hapo ndipo buluu huja.

Buluu haikuja. Skrini ikafunguka yote, mihtasari ya watu imejipanga, na pembeni folda.

"Naenda kununua vocha," fundi alisema, na vocha zilikuwa zimejaa tele kwenye droo yake. Akatoka, akarudishia mlango nyuma yake.

"Mama Kijogoo," sauti iliita kwenye simu. Ilikuwa ndogo, sauti ya mtu asiyejua kama ana haki ya kuuliza. "Yupo?"

Akaifungua folda. Vipicha vidogo vikajipanga safu kwa safu: gauni la njano, meno yaliyong'oka, kichwa chenye povu la sabuni.

"Yupo," alisema. "Yupo wote."

Akabonyeza video ya kwanza iliyokuwa karibu, akaweka simu jirani na spika. Kikohozi kidogo, kisha sauti yenye madaha, ya mtu aliyekaa kitako kuagiza watu kazi.

"Mama, shika vizuri! Unatikisa. Baba ataniona kweli?"

"Atakuona," ilijibu sauti ya mwanamke, akicheka.

Ilimchukua muda kuelewa kwamba anayecheka ni yeye. Akaweka mkono mdomoni, na mkono ukalowa. Ganzi ikamwachia, na ikauma, ikauma kweli kweli, akalia kwa sauti kwenye kiti cha fundi. Upande wa pili mwanamume naye alikuwa analia, na hakuna aliyemnyamazisha mwenzake.

"Irudie," alisema mwanamume.

Akairudia.