Kubebeana Majina

Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandika historia ya shule yetu ya wavulana inapotimiza miaka sabini, na sikuiomba. Mkuu wa shule aliniita ofisini kwake akaniambia, "Mwalimu, wewe umesoma hapa, umefundisha hapa na unastaafia hapa. Nani mwingine?" Nikamjibu kwamba hata mijusi ya darini imezaliwa hapa na itafia hapa, mbona haiandiki kitabu. Akacheka, akanikabidhi funguo za stoo ya kumbukumbu.

Nilianza na mambo mepesi. Madarasa matatu ya kwanza, ya mabati matupu, ambayo mvua ikinyesha mwalimu alilazimika kufunga mdomo. Mkuu wa kwanza, aliyeamuru mifuko ya suruali ishonwe ili wavulana wasitembee wametia mikono mfukoni. Mwaka tulipochukua kombe la mpira, na mwaka kombe lenyewe lilipoibwa. Nilijua kuna mwaka mmoja ambao ningeufikia tu, nikauzungukazunguka wiki tatu nzima.

Mwaka ule nilikuwa kidato cha tatu. Kitanda cha juu yangu alilala mvulana tuliyemwita Wakili, kwa sababu hakupewa adhabu hata moja asiikatie rufaa. Alikuwa mwembamba, mcheshi, na vifungo vya shati lake havikupata kufungwa sawasawa. Tulichangia sabuni na ndoo, na kama kuna siri aliyonificha, basi aliificha vizuri. Nilimpenda kama ndugu wa tumbo moja.

Shuleni kwetu kulikuwa na kitu kilichoitwa kubeba jina. Kila Jumamosi saa kumi alasiri tulipanga mstari mbele ya bweni, kiranja akasoma majina bila kuinua macho, nasi tukaitika, "Nipo!" Mwenzako akichelewa, unambebea: unaitika lako, halafu unabadilisha sauti unaitika na lake. Kila mtu alibeba na kila mtu alibebwa. Aliyekataa aliitwa msaliti, na hakuna aliyemwazima hata sindano ya kushonea kifungo. Sheria hiyo haikuandikwa popote, lakini ndiyo pekee tuliyoitii sote.

Jumamosi moja mabomba yalikauka. Baada ya chakula cha mchana Wakili alichukua ndoo akasema anakwenda kutafuta maji afue shati. Mpaka saa kumi alikuwa hajarudi. Nilidhani ameruka uzio kwenda mjini, kama wengi walivyofanya siku zisizo na maji. Jina lake liliposomwa, nikaitika kwa kisauti chembamba, "Nipo!" Kijana wa nyuma yangu akaguna kwa kicheko. Kiranja akatia vema.

Kumbe Wakili alikuwa chini ya ardhi, ndani ya tangi la zamani la maji ya mvua nyuma ya maabara, mahali ambapo mwisho wa wiki hapakanyagwi na mtu. Mbao za mfuniko zilikuwa zimeoza, zikakatika naye. Jumapili asubuhi walimu walipoona hayupo, walifungua rejista: Jumamosi saa kumi, yupo. Basi ametoroka baada ya hapo, wakasema. Wakamtafuta stendi, wakamtafuta sokoni, wakamtafuta kwa ndugu zake. Ndani ya uzio hakutafuta mtu.

Na mimi nikanyamaza. Jumapili nilinyamaza ili Wakili asifukuzwe, nikijiambia atarudi na uongo wake mtamu kama kawaida. Jumatatu nilinyamaza kwa woga tu. Jumanne mtunza bustani akaziona zile mbao. Daktari alisema mguu ulikuwa umevunjika, na kwamba kijana alikuwa hai mpaka Jumapili jioni, pengine zaidi.

Tangu Jumamosi saa kumi mpaka Jumapili jioni. Ni miaka arobaini na miwili sasa, na sijapata kuamka siku moja bila kuyahesabu masaa hayo. Kama ningefumba mdomo wangu, kiranja angeuliza yuko wapi, mtu angesema maji, na wangemfikia jua halijazama.

Shule iliandika kwamba alijificha tangini akisubiri giza liingie ili atoroke. Mimi nikasoma, nikahitimu, nikarudi kufundisha palepale. Wavulana wananiita Rejista, kwa kuwa siiti jina bila kumtazama mwenyewe usoni. Wanadhani ni ukali, na sijawahi kuwakatalia.

Tangazo la kuomba picha za zamani lilipotoka, mama yake Wakili akaja. Nilikuta ameshakaa ofisini kwa Mkuu, bibi wa miaka themanini hivi, na picha imefungwa kitambaa juu ya magoti. Mkuu akanitambulisha: "Huyu ndiye mwalimu anayeandika kitabu." Yule mama hakunikumbuka. Mara moja tu aliwahi kuniona, siku ya mazishi, nikiwa mmoja wa wavulana mia tatu.

"Sikuja kudai kitu, mwalimu," akaniambia. "Nataka kujua mwanangu mtamwandika vipi."

Mkuu ndiye aliyejibu, kwa upole kabisa. "Kama kumbukumbu zinavyosema, mama."

"Zinasema mtoro."

"Rejista inaonyesha saa kumi alikuwepo mstarini. Tukitaka kusema vingine lazima tupate shahidi."

"Alikutwa na ndoo," mama akasema. "Mtoro gani anatoroka na ndoo? Swali hilo nimeliuliza tangu nina meno yote. Hakuna aliyenijibu."

Nilikuwa nimebakiza miezi minne nistaafu. Ningeweza kuinamia karatasi zangu, mama angeondoka na picha yake, na maisha yangeendelea. Nakiri kwamba niliziinamia, tena si kwa muda mfupi. Halafu nikasema, "Shahidi ni mimi."

Nikasimulia yote, nikiitazama meza. Nilipomaliza, Mkuu alikuwa ameshika kichwa. Mama hakulia. Aliuliza, "Siku hizo tatu ulikuwa unakula?"

"Nilikuwa nakula, mama."

"Unashiba?"

Hapo nilitaka ardhi inimeze. Aliyembebea mwenzake jina alipewa pia chakula cha huyo mwenzake, ndivyo ilivyokuwa. "Nilikula na sahani yake," nikasema.

Akaishika ile picha kwa mikono miwili. "Baba yake alikataza jina la mtoto huyu lisitajwe nyumbani. Akafa analalamika kwamba alimtia aibu. Mimi nikawa nakwenda jikoni, nalitaja peke yangu."

"Nisamehe, mama."

"Andika kwanza."

Niliandika palepale, kwenye meza ya Mkuu. Kisha nikamsomea. Nilitaja majina yake matatu, halafu: hakutoroka, alikwenda kuteka maji ya kufulia shati, tangi halikuwa na mfuniko imara, jina lake liliitikiwa mstarini na mwanafunzi mwenzake, na kwa sababu hiyo hakutafutwa alipokuwa angali hai.

"Mwanafunzi gani?" akauliza mama.

"Mimi, mama."

"Sijasikia ukisoma hivyo."

Mkuu akaingilia kati. "Mama, mwalimu ametumikia shule hii maisha yake yote. Ukweli umeshaandikwa. Nadhani hilo moja tunaweza..."

"Mwanangu ameitwa mtoro kwa jina lake, na la baba yake, na la babu yake," akasema, sauti ileile ya chini. "Miaka arobaini na miwili. Hakuna aliyemwita mwanafunzi fulani."

Nikaichukua kalamu. Nikafuta yale maneno, nikaandika majina yangu yote matatu.

"Sasa soma upya," akasema.

Nikaanza tena tangu mwanzo. Nilipofika kwenye jina langu sauti ilikatika, nikashindwa kuendelea. Mkuu akasogeza mkono aipokee karatasi amalizie yeye. Mama akamzuia, akanisubiri.