Hodi Ni Tatu

Tangu afukuzwe kampuni ya tiketi za boti, Hamzah alikuwa akituma maelfu ya kompyuta zibishe hodi kwa pamoja kwenye mitambo ya kampuni hiyo huko Chake Chake, wateja wa kweli wasipate pa kupenya. Zuweina, mlinzi wa mitambo, akaambiwa na yeye atafukuzwa asipoikomesha fujo hiyo.

Akakumbuka adabu ya kwao: hodi ni tatu, usipoitikiwa urudi. Akaiamuru mitambo imfungie kila anayezidisha. Fujo ikakatika, na jina la Hamzah likaonekana kwenye orodha ya waliofungiwa.

Kabla ya Idi, Hamzah akapiga simu.

"Bi Zuweina, nataka tiketi, naozesha Unguja kesho. Mtandao wenu hauniitikii!"

"Si hodi zako umezimaliza? Nenda bandarini Mkoani kapange foleni na uliowazuia."

Akamkatia simu.