Mitali ya Mfua Fedha wa Siyu

Somoe anasinzia baada ya adhuhuri, kichwa juu ya daftari ambalo kwa miaka mitatu amekuwa akiandikia habari za babu yake Famau, mfua fedha wa Siyu, na usingizi haumwangushi, unamsogeza tu, mlango wa chumba unakuwa mlango wa mtaa, naye anapita. Mtaa hauna mwisho. Kuta zimesuguliwa zikang'aa kama fedha, ndani ya kila ukuta mna mji mwingine, na katika kila mji Somoe anajiona akitembea peke yake. Daftarini mna machache: jina la babu, karakana yake, mkewe na mabinti wawili waliokufa kwa ndui, na binti wa tatu, Mwanakombo, aliyelelewa na watu baki kule Pate. Huyo ndiye mama yake Somoe. Alikufa akisema baba yake alimtupa, na hilo Somoe hajathubutu kuliandika.

Anatokea mtu asiye na uso. Somoe anamsalimu, anamwuliza Famau yuko wapi. Yule anajibu kwamba aliyetupa ndiye aliyeokoa, kisha anatangulia, na barabara inajikunja nyuma yao kama mkeka.

Wanafika uani. Famau ni kijana, mkewe anavukuta moto, naye anatia nakshi mitali ya bibi harusi, zile bangili nene za miguuni. Wanapiga hatua moja, ua ni ule ule, lakini moto umezimika, mke na mabinti wawili wamefunikwa shuka, na Famau mwenyewe uso umemjaa malengelenge. Mwanakombo, wa miaka mitatu, amesimama kizingitini. Baba hamsogelei. Anamwita kwa mbali mwanamke anayepita, anamsihi amchukue mtoto, amfikishe Pate, asimwache ageuke nyuma. Mtoto analia akimwita. Famau anauma kilemba chake asije akamwitikia.

Somoe anakimbia kumfuata mtoto, njia inazunguka, inamrudisha uani. Sasa Famau ni mzee, macho yake meupe kama maziwa, anafua kwa kupapasa. Amezungukwa na mitali, jozi kwa jozi hadi darini, yote midogo, yote ya kipimo kimoja.

Babu, anauliza Somoe, mitali hii ni ya nani?

Ya binti yangu. Nilimpima mguu kwa kiganja kabla ya maradhi.

Mbona hukumfuata?

Kwa macho gani, mwanangu? Ndui iliyapofua. Niliwatuma watu, wote walirudi wakisema hawakumwona.

Somoe anapiga magoti. Alikua, babu. Aliolewa, akazaa. Mimi ni mwanawe.

Mzee ananyoosha mkono, anaushika mguu wa Somoe, anauzungushia kiganja taratibu. Vidole havikutani. Anatikisa kichwa.

Mguu huu mkubwa, anasema. Wewe si wake.

Anaokota nyundo, anaendelea kufua.

Somoe anainua kichwa kutoka daftarini. Mumewe Bwanaheri amesimama na kikombe cha kahawa. Somoe anamwambia kwamba babu hakumtupa mama, alikuwa kipofu. Bwanaheri anauliza, nani amekwambia? Somoe anachukua kalamu, anaandika: alipofuka kwa ndui. Anaupulizia wino, anangoja, anaupulizia tena, na wino haukauki.