Benchi la Waliopigwa

Jumamosi asubuhi Benson alitandika turubai la bluu juu ya meza, akapanga bunduki za mchezo kwa safu, ndefu nyuma, fupi mbele. Upande wa pili wa meza walisimama wanawake waliozoea kugonga kokoto kwenye majabali yale, pamoja na mzee Mughwai, wamejifunika kanga na makoti, maana upepo wa asubuhi wa Singida hauna adabu kwa mtu. Wote walikuwa wamevua ndala kama wanaoingia sebuleni kwa watu. Hakuna aliyewaambia wavue.

Benson alikuwa amekodishiwa majabali yote ya upande ule wa Ziwa Kindai, ili wageni kutoka miji mikubwa waje kucheza vita mwisho wa juma. Vita inataka pande mbili, na wageni walikuwa wanakuja upande mmoja tu. Kwa hiyo aliwaambia wagonga kokoto, ambao sasa hawakuwa na jiwe la kugonga, kwamba kazi ipo, na ni nyepesi kuliko ile ya zamani. Wao watakuwa upande wa pili.

"Anayeanza asikimbilie bunduki," alisema Benson. "Aanze na macho. Bunduki mbovu utaibadilisha, jicho hubadilishi."

Yunisi alichukua miwani ya plastiki yenye mkanda wa mpira, akaivaa. Alikuwa amegonga kokoto tangu binti yake Janeth ananyonya, na chini ya nyusi ya kushoto alikuwa na kovu la kipande cha jiwe kilichomkosa jicho kidogo tu. Miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kumpa miwani. Dunia ikawa ya rangi ya chai ya mkandaa isiyotiwa maziwa, naye akajisikia vizuri, hata akacheka peke yake.

Kwenye bunduki, wenzake walikimbilia zile ndefu nyeusi za betri, ambazo ungedhani ni za kweli ukiziona kwa mbali. Benson aliwaacha wazibebe kwanza. Walipozunguka nazo meza mara moja, wengi walizirudisha wenyewe. Yunisi alichagua fupi, ya kukoki kwa mkono, inayorusha kidonge kimoja kimoja cha plastiki, ukubwa wa punje ya choroko. Kwa mkono uliozoea nyundo, kukoki kile kitu ilikuwa kama kufungua kopo la mafuta ya mgando. Mwisho kila mmoja alipewa kitambaa chekundu.

"Ukipigwa," alisema Benson, "hata kama hakuna aliyeona, unainua mkono, unasema nimekufa. Unafunga kitambaa kichwani, unakwenda kukaa kwenye benchi lile, ndani ya kamba. Hapa hatuna mtu wa kuchunguza nani kapigwa. Ni mchezo wa uungwana."

"Na tunatoka saa ngapi?" aliuliza Yunisi. Alikuwa ameacha maharage jikoni.

"Nikipuliza filimbi. Na filimbi inapulizwa upande mmoja ukiisha."

Hapakuwa na la kuuliza zaidi, wakaenda kujificha nyuma ya mawe waliyoyajua kuliko wanavyojua vyumba vyao.

Yunisi alikuwa na shabaha, jambo ambalo yeye mwenyewe hakuwa akilijua. Alimpiga kifuani mgeni mmoja mnene aliyevaa kizibao chenye mifuko mingi. Kidonge kililia wazi, ta. Mgeni akakitazama kifua chake, akamtazama Yunisi, akaendelea kuinama nyuma ya jiwe. Yunisi akadhani hakusikia. Akampiga tena, safari hii kwenye miwani. Mgeni akaifuta miwani kwa kidole, akaendelea na vita.

Baadaye kidogo kidonge kikampiga Yunisi kwenye kifundo cha mguu. Alikuwa peke yake kwenye ufa wa jabali, hakuna aliyeona. Angeweza kukaa kimya. Lakini Yunisi alikuwa mtu wa kurudisha kuku wa jirani aliyekuja kutagia kwake, pamoja na mayai. Janeth alipokuwa mdogo alivunja chungu akasema mbuzi ndiye aliyekivunja, na fimbo aliyochapwa siku ile ilikuwa ya uongo wa mbuzi, chungu kilisamehewa. Yunisi akainua mkono.

"Nimekufa," alisema, akafunga kitambaa.

Hadi mchana benchi lilikuwa limejaa wagonga kokoto. Mzee Mughwai alikuja wa mwisho, akalaumu magoti yake, akakaa. Kwa wageni hakuna aliyekufa. Walikunywa soda, wakapiga picha, wakafungasha vitu vyao. Wakati wanaelekea kwenye magari Yunisi aliona kwamba yule wa kizibao anatembea na vivuli viwili. Kimoja kilikuwa kinene, chake. Cha pili kilikuwa cha mwanamke aliyefunga kitambaa kichwani, fundo kwa nyuma. Yunisi akatazama chini ya miguu yake mwenyewe. Palikuwa na mwanga mtupu.

Alisimama ili aende akaangalie maharage. Kamba ilikuwa ya katani, imefungwa chini ya magoti, hata mbuzi angeivuka. Mguu wake uliinuka, ukafika juu ya kamba, ukarudi. Akajaribu na mwingine, nao ukarudi. Wenzake wakajaribu kila mmoja kwa upande wake, wakarudi kukaa.

"Puliza basi filimbi, mwanangu," alisema mzee Mughwai. "Jua linakwenda."

Benson hakuwa mtu wa roho mbaya. Aliitia filimbi mdomoni, akavimbisha mashavu, akapuliza. Haikutoa sauti. Akaitikisa, akapuliza tena mpaka macho yakamtoka.

"Mnaona wenyewe," alisema. "Upande haujaisha. Wageni hawajafa hata mmoja, na upande wenu nao bado, nimeshauandikia watu wengine wa Jumamosi ijayo."

Akakunja turubai, akaondoka.

Watu wa mtaa walilipokea jambo hilo kama wanavyopokea ukame. Afisa mtendaji alikuja na kuwaondoa wote kwenye orodha za kaya. Mtu akisema mwenyewe amekufa, tena mbele ya mashahidi, ofisi ibishe nini. Katekista aliomba, na ndugu wa Rukaiya, mmoja wa wanawake wa benchini, wakamsomea dua upande wa pili wa benchi. Matanga yalifanyika, ila yalikuwa mafupi, kwa sababu ilikuwa vigumu kulia vizuri wakati marehemu anaitikia salamu. Janeth alimletea mama yake ugali wa mtama na mlenda. Yunisi alionja, haukuwa na chumvi, wala hakuwa na njaa.

Mvua zikaja, zikaisha. Alizeti zikachanua, zikakomaa, watu wakavuna. Benson aliona si vizuri watu wakae bure, akawamwagia mawe na nyundo ndani ya kamba. Kokoto zikagongwa, na lori likawa linakuja kuzibeba. Ujira haukuzungumzwa, kwa kuwa marehemu halipwi, na hilo kila mtu aliliona liko wazi. Miwani Benson aliichukua mapema kwa ajili ya waliofuata. Jumamosi kwa Jumamosi benchi liliongezwa, na kamba ikasogezwa nje kidogo.

Yunisi alikuwa na hasira. Ilimwamsha na kumlaza, na haikuwa na pa kwenda, ilizunguka naye ndani ya kamba. Kitu kimoja tu kilimtuliza. Janeth alikuwa amechaguliwa kidato cha tano, shule ya bweni upande wa Kiomboi. Atakwenda mbali na majabali haya, alijiambia kila nyundo iliposhuka, atakwenda mbali na majabali haya.

Kisha Jumamosi moja akainua uso na kumwona Janeth amesimama mezani kwa Benson, ndala mkononi.

"Janeth. Njoo."

Msichana akaja hadi kwenye kamba, akapiga goti kidogo. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Unafanya nini pale?"

"Kazi. Jumamosi mbili tatu tu, mama. Shule wanataka godoro na sanduku, na shangazi hana."

Yunisi aliweka nyundo chini. Alimtazama binti yake, shingo ile ndefu, mikono ile ambayo bado haijaota sugu, akaona kwamba kumkataza hakutaleta godoro.

"Basi sikiliza. Chukua miwani kwanza. Inamisha kichwa, uitikise, ikicheza iache, chukua nyingine. Viatu omba vya kufunika, mawe yale yanateleza. Bunduki ndefu waachie wenyewe. Chukua fupi ya mkono, na usiikoki kabla hujajificha."

"Sawa mama."

"Bado." Yunisi alishusha sauti, ingawa benchi zima lilikuwa linasikia. "Ukipigwa, nyamaza."

Janeth alimtazama. "Mama, wewe ndiye unasema hivyo?"

"Wao wananyamaza."

Msichana alikwaruza udongo kwa kidole cha mguu.

"Kwa hiyo ni mbuzi aliyevunja chungu," alisema.

Yunisi alihisi aibu ikimpanda hadi masikioni, mbele ya Rukaiya, mbele ya mzee Mughwai. Akaiacha ipande.

"Ndiyo," alisema. "Ni mbuzi."

Janeth alichagua kama alivyoelekezwa. Alitikisa miwani tatu, akachukua ya nne, akapita bunduki ndefu bila kuzigusa. Alipoingia kwenye majabali, nyundo zote ndani ya kamba zilitulia. Alikuwa mwepesi. Alimpiga yule mgeni wa kizibao, aliyekuwa amezoea kuja, katikati ya miwani, na mgeni akajifuta kama kawaida yake.

Kisha kidonge kikatoka juu kikampiga Janeth kwenye kiwiko. Benchi zima lilikiona na kukisikia. Janeth alijibanza kwenye jiwe, bunduki kifuani, akikitazama kiwiko chake. Mkono wa kulia uliinuka kidogo, ukafika usawa wa bega. Yunisi alishika kamba kwa mikono miwili. Nyamaza, mwanangu. Nyamaza, nyamaza.

Mkono ukashuka. Janeth akakoki bunduki, akaendelea.

Alasiri wageni walifungasha. Benson alikunja turubai, akawakumbusha wale wapya waliokuwa benchini kwamba nyundo ziko kwenye ndoo. Janeth alirudisha miwani na viatu, akaja kwenye kamba kuaga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ulipigwa?"

"Hapana," alisema Janeth, akimtazama machoni. Alisema vizuri sana, bila kumeza mate.

"Vizuri," alisema Yunisi.

Msichana akavaa ndala, akashika njia ya mjini, jua likiwa nyuma yake. Mbele yake barabarani vilitangulia vivuli viwili. Kimoja kilikuwa chembamba chenye shingo ndefu. Cha pili kilikuwa cha mwanamke aliyefunga kitambaa kichwani, na Yunisi alilijua fundo lile, kwa sababu kila asubuhi alikuwa akilifunga mwenyewe. Alijua pia kwamba anayepigwa akanyamaza huondoka na kivuli cha aliyempiga, kwamba bunduki iliyompiga binti yake ilikuwa ya wageni, na kwamba kivuli kile kilikwishachukuliwa zamani na mtu wa kizibao. Hakujua Janeth amekipataje. Alikitazama kikienda nyumbani mpaka kikakunja kona, kisha akachagua jiwe, akaliweka sawa, akachukua nyundo.