Mashine Yangu Inataka Petroli

Usiku wa jana niliota mashine yangu ya kusaga imejifunga khanga, imekaa mlangoni, imenuna.

"Mwanaidi," inaniambia, "pikipiki anapewa petroli. Mimi kila siku dizeli. Kwa nini?"

Ilinigusa pabaya. Pikipiki ni ya mume wangu Hemedi, na ndiyo inayompeleka kwa mke mwenzangu, Zaina, kila zamu yake ikifika. Nina wivu, sifichi. Hemedi akininunulia khanga, Zaina naye anapata iyo hiyo, na bado mimi huenda kuipima yake kwa mkono.

"Twende kwa kadhi," nasema.

Tunavuka kizingiti, tumeshafika mahakamani. Kadhi ni dumu la njano la lita ishirini, amevaa kofia ya vito. Pikipiki ametangulia, amepakwa hina mpaka kwenye tangi.

"Mashine," anauliza Dumu, "una plagi?"

"Sina."

"Mwenzio anayo. Petroli huwaka upesi, cheche moja ya plagi inamtosha. Wewe unabana hewa mpaka inakuwa ya moto, dizeli ikinyunyizwa humo inawaka yenyewe. Ukinywa petroli itachelewa kuwaka, kisha ilipuke ghafla, ikuvunje mbavu. Mmeumbwa tofauti, mtalishwa tofauti."

"Hata mimi ndivyo nilivyo," nikamwambia Dumu. "Cheche sihitaji. Nikibanwa tu, nawaka."

"Naona. Moshi unakutoka masikioni."

Mashine akanivuta pembeni. "Basi kama mimi siwezi kunywa chake," akaninong'oneza, "yeye anywe changu."

Sikufikiri mara mbili. Kadhi mwenyewe alikuwa amejaa dizeli. Nikamvua kofia, nikafungua kifuniko, nikamwinamisha kwenye tangi la pikipiki.

"Hii ni kuidharau mahakama," akasema kwa upole, huku akimiminika.

Nikaamka. Kumekucha. Uani, Hemedi anapiga kiki, maana leo zamu ya Zaina inaanza. Pikipiki inakohoa, inatoa moshi mzito mweupe, inanyamaza. Anapiga tena. Kimya.

"Mama Rukia! Hii imepatwa na nini? Jana ilikuwa nzima!"

"Sijui, baba Rukia. Labda imechoka safari."

Nikanusa viganja vyangu. Vinanuka dizeli.

Nikavinawa kwa sabuni, kisha nikabandika chai ya watu wawili.